Mistari Mitano

6 Februari

Mpwa wangu Nati,

Huku tupo, tunapumua, na anayelalamika ana nguvu za kulalamika. Mama yako alipita Jumapili, amenona, anasema huandiki. Nikamwambia dada yangu, mtoto yuko chuo cha mashine, akishika karatasi itakuwa ya kufungia maandazi. Mgongo wa mkaza mjomba wako umeacha kumsumbua, kwa hiyo sasa amepata nafasi ya kunisumbua mimi. Jirani mshona viatu kanunua redio, na mtaa mzima umejua.

Sasa tulia. Ndani ya kifurushi hiki kuna kile kisanduku cha mbao. Ndiyo, chenyewe. Usipige kelele hapo bwenini. Maikromita yangu nimekupa. Miaka ishirini na sita imepima kila shafti na kila bushi iliyotoka kwenye mashine yangu ya kukereza, na kasoro yake unaijua tangu ulipokuwa unaokota nati sakafuni na kujaza mifuko ya gauni: inazidisha mistari mitatu. Ukifunga taya zake, badala ya kusoma sifuri inasoma tatu. Mimi nilikuwa natoa mitatu kichwani, kazi inaendelea. Mafundi wenzangu walinicheka. Niliwaambia hata mke wangu ana kasoro zake tatu na sijamrudisha kwao.

Lakini hapo chuoni kuna wasomi, na sitaki mtu akucheke kwa ajili yangu. Nimekaa nayo nikainyosha kwa ile spana yake ndogo. Sasa ni sifuri kavu. Usitoe kitu, usiongeze kitu, amini inachosema.

Usiniulize mimi napimia nini. Nimepata nyingine.

Mjomba wako, ambaye kwa usahihi wa vipimo mtaani bado wanamwita Fundi Unywele


27 Februari

Shikamoo Mjomba,

Nimepiga kelele. Samahani. Msichana wa kitanda cha pili alidhani nimeumwa na nge. Nilipofungua kile kisanduku harufu ya karakana yako ilitoka yote, ile ya mafuta na chuma kilichokatwa sasa hivi, nikakaa kitandani nikalia kidogo. Kidogo tu, usiende kumwambia mama.

Mimi mzima, isipokuwa miguu. Asubuhi tuko darasani: nguvu zinavyopita kwenye gia, kwa nini shafti inapinda, chuma gani kinataka kasi gani. Mchana ni karakana, tunasimama kwenye sakafu ya saruji mpaka kengele. Mashine za kukereza ziko kumi na mbili, rangi ya kijani. Yangu ni ya saba, ina mtetemo wa uzee ila nimeizoea. Mwalimu wetu wa karakana tunamwita Bado. Hilo ndilo neno lake. Unampelekea kazi uliyoitolea jasho, anaigeuza mara moja, anasema "bado", anakurudishia.

Mtihani wenyewe ni katikati ya Aprili. Shafti ya unene wa milimita ishirini, iingie kwenye tundu la bushi ya shaba bila kulazimishwa na bila kucheza. Isizidi ishirini, na isipungue zaidi ya mistari miwili. Niliwaeleza wenzangu kwamba mstari mmoja ni milimita iliyogawanywa mara mia, wale wa kozi ya umeme wakadhani nawatania. Anayeshindwa anaruhusiwa kurudia mara moja tu. Akishindwa tena anahamishiwa kozi ya utunzaji stoo, akawaandikie wenzake spana walizoazima. Mjomba, mimi sitaki stoo. Nataka kukereza, na sijawahi kutaka kitu kingine.

Halafu mbona maandishi yako yamekuwa makubwa hivyo? Kurasa nne! Nilidhani kuna mambo mengi, kumbe maneno ni yale yale.

Mpwa wako,
Nati


30 Machi

Nati,

Marahaba. Sisi wazima. Mama yako amepaka nyumba rangi ambayo sitaitaja. Mkaza mjomba wako anakusalimu, anasema ule.

Maandishi makubwa ni ya mtu asiye na la kuficha. Wewe unaandika kama sisimizi, mkaza mjomba wako ndiye alinisomea barua yako, mimi nilikuwa na mafuta mikononi.

Kuhusu huo mtihani. Mkato wa mwisho usiuogope ila uuheshimu. Ukibakiza mistari ishirini, simama. Noa kisu chako upya hata kama unaona bado kikali. Na usipime chuma cha moto. Chuma cha moto kimevimba, kinakuambia nimefika, nawe unaridhika, kikipoa kimepungua na wewe unabaki unakitazama. Nenda kanywe maji. Rudi. Pima. Chuma ukishakitoa hakirudi, hata ukikipigia magoti.

Nimepata kazi ya kiwanda cha sabuni, shafti ya pampu yao kubwa. Mchoro walileta, nikamwambia msimamizi wao anisomee vipimo kwa sauti, kama nilivyosema, mafuta mikononi. Mkaza mjomba wako ananigombeza kuhusu taa ya karakana. Nimebadilisha balbu mara tatu. Balbu za siku hizi hazina nguvu, zinatoa mwanga wa kuombolezea.

Fanya mtihani wako uniandikie. Nataka namba, sitaki hadithi.

Mjomba wako


21 Aprili

Shikamoo Mjomba,

Natumaini nyote hamjambo na pampu ya kiwanda inazunguka. Huku mvua imetunyeshea siku tano, paa la karakana linavuja juu ya mashine ya nne na aliyepewa hiyo anafanya kazi na kofia ya plastiki.

Mjomba, nimeanguka. Shafti ilitoka ndogo. Nilifanya yote uliyosema: nilinoa, nilisimama, nilikwenda kunywa maji nikarudi. Maikromita yako, niliyoitunza kwa ajili ya siku hiyo tu, ilisoma ishirini kavu, nikaipeleka kwa mwalimu nikiwa natabasamu mpaka masikioni. Aliitia kwenye bushi ikaingia ikicheza. Hakusema hata "bado". Aliiweka mezani taratibu. Afadhali angepiga kelele.

Akaniuliza kama nilifunga taya na kukagua sifuri kabla ya kupima. Hilo ni somo la siku ya kwanza. Nikasema sikukagua. Akauliza kwa nini. Nikachukua shafti yangu nikarudi kwenye mashine.

Nitarudia mwezi wa saba, tarehe 24. Ni mkono wangu ulikimbia, basi.

Ulipokuwa unainyosha ile maikromita, ulikuwa karakanani au nyumbani? Na kulikuwa na mwanga wa kutosha? Nauliza tu.

Nati


2 Mei

Nati,

Nauliza tu! Mimi nakujua tangu hujaota meno. Wewe hujawahi kuuliza tu.

Niliinyosha mlangoni pa karakana, mchana kweupe, jua limejaa mezani, na nilizungusha kwa mkono huu huu uliokufundisha kushika tupa. Sifuri ni sifuri. Kama mkono wako ulikimbia sema ulikimbia, usitafute pa kuegemea.

Halafu hukuniambia namba. Ndogo kwa mistari mingapi? Hata ulipokuwa na miaka kumi ukiharibu kipande ulikuja ukinitajia namba kabla ya salamu. Fundi anayeficha namba ana jambo.

Huku kiwanda cha sabuni wamenirudishia shafti. Wanasema inacheza kwenye beringi. Nimewaambia hizo ni beringi za siku hizi, zinatengenezwa na watu wanaotazama saa. Nitawakerezea nyingine kuwanyamazisha. Mkaza mjomba wako hajambo, anakaa sana mlangoni kunitazama ninavyofanya kazi, sijui kimempata nini.

Nataka hiyo namba.

Mjomba


19 Juni

Shikamoo Mjomba,

Najua nimechelewa. Barua hii nimeianza mara nne, na hizo nyingine zote ziko kwenye pipa la chuma chakavu. Mama ameniandikia kwamba hukuenda kwenye harusi ya binti wa jirani, ulisema una kazi. Wewe, ukose harusi!

Namba ni tano. Shafti ilikuwa ndogo kwa mistari mitano.

Siku ile ya mtihani, wenzangu walipotoka, nilikaa kwenye benchi la dirishani nikafunga taya za maikromita nikasoma. Haikuwa sifuri. Ilikuwa tano. Nikafuta taya kwa kitambaa nikasoma tena. Tano. Uliizungusha upande usio wake, Mjomba. Ilikuwa inazidisha mitatu, ukaipeleka kwenye mitano ukadhani umeifikisha kwenye sifuri.

Kisha nikaona kile kitundu cha kutilia spana. Kimezungukwa na mikwaruzo, nimehesabu kumi na moja. Mkono wako haujawahi kukosa tundu. Ulikuwa unafungua skrubu za saa ya babu huku unasimulia hadithi. Basi nikajua si mkono.

Nikakumbuka maandishi makubwa, na mafuta mikononi kila inapokuja karatasi ya kusoma, na balbu tatu. Na shafti ya kiwanda. Mjomba, si beringi.

Sikukwambia kwa sababu nilijua nikikutajia namba utaijua maana yake mara moja. Nikaona afadhali mimi nionekane mzembe. Sikukagua sifuri kwa kuwa ilitoka kwako na ulisema niiamini. Hilo ndilo mwalimu alitaka kusikia na ndilo sikuweza kumwambia. Lakini sasa unakereza shafti ya pili, na mashine inazunguka, na vidole vyako viko karibu na kisu. Siwezi kukaa kimya tena hata ukinichukia.

Nenda hospitali ukapimwe macho. Tafadhali.

Nati


8 Julai

Nati,

Ninayeandika ni mkaza mjomba wako, yeye anasema nami naandika. Ameniambia niandike neno kwa neno nisitie yangu. Tutaona.

Anasema: barua yako ilifika. Anasema wewe ni mtoto jeuri.

(Mwanangu, baada ya kusomewa alikwenda karakanani akakaa siku tatu mashine imezimwa. Nilimpelekea chai ikapoa. Siku ya nne akaita jina langu, jina langu hasa, ambalo hajalitumia tangu tuoane, akaniambia lete karatasi.)

Anasema: nimejua tangu mwaka jana. Kwanza mistari ilikuwa inaungana jioni, nikasema ni uchovu. Kisha ikaungana asubuhi. Sasa nikiitazama maikromita naona chuma kinang'aa, basi. Ndiyo maana nilikupa. Hakuna nyingine niliyopata. Nilikuwa napima kwa kidole na kubahatisha. Fundi asiyeona mstari ni mzee aliyekaa kwenye kiti, na mimi sijui kukaa.

Anasema: nilitaka ikufikie ikiwa nzuri. Nilitaka angalau mara moja iwe sifuri mikononi mwako. Kumbe nimekuharibia mtihani kwa mkono wangu mwenyewe. Nisamehe, mpwa wangu. Hilo linaniuma kuliko macho.

(Hapa ameinuka kwenda kufunga dirisha lililokuwa limefungwa.)

Anasema: hospitali nimekwenda, nimewatii. Ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. Daktari, kijana mwenye viatu safi, anasema anatoa kile kioo cha ndani kilichochafuka, anaweka kingine. Nikamuuliza, na ukikosea? Akasema kukosea ni nadra. Nikamuuliza nadra ni mistari mingapi. Akageukia faili lake. Mtu anayekata kitu kisichorudi halafu hajui ruhusa yake ya kukosea ni kiasi gani! Nimemuaga nikarudi nyumbani. Bado naona mlango, naona chai, naona watu kidogo. Akikosea hata hicho sina. Sitaki tena habari za hospitali.

Anasema: kiwanda nimewarudishia chuma chao. Nimewaambia ukweli. Msimamizi alinishika bega, afadhali angenitukana.

Anasema: faulu.

(Anaogopa, Nati. Nimeishi naye miaka thelathini na moja, sijawahi kumwona akiogopa kitu isipokuwa mama yangu.)


29 Julai

Shikamoo Mjomba, shikamoo Mama,

Mama mkaza mjomba, asante kwa maneno ya kwenye mabano. Endelea nayo.

Nimefaulu.

Mashine ilikuwa ile ile ya saba. Nilinoa, nilisimama kwenye mistari ishirini, nilikwenda kunywa maji. Na wewe usidhani sijui unachokisema kuhusu kitu kisichorudi. Kabla ya mkato wa mwisho nilizima mashine nikataka kukimbia. Nilifikiria nikiacha hivi hivi sitakuwa nimeharibu kitu. Lakini pia sitakuwa na shafti, nitakuwa na kipande cha chuma. Nikaiwasha.

Mwalimu aliitia kwenye bushi, ikaingia ikitoa ile pumzi unayoipenda, hewa ikitoka pole pole. Akaitoa, akaitia tena. Akanipa mkono. Darasa zima lilishangilia kama tumepata mvua.

Nakutumia shafti yenyewe, na maikromita yako. Nilipimia hiyo hiyo. Mwalimu alitaka kuinyosha, nikamkatalia. Nilimwambia naijua kasoro yake, natoa mitano kichwani, kazi inaendelea. Alinitazama sana halafu akaniuliza nimefundishwa na nani.

Saizi ya shafti sikwambii. Iko kwenye daftari la mwalimu na kichwani mwangu. Nataka uipime wewe, kwa maikromita, uniandikie namba. Mama asikusomee. Kidole hakikubaliki.

Nati


13 Agosti

Nati,

Mjomba wako anasema una kiburi na amefurahi mpaka amekwenda kwa mshona viatu kuomba redio iongezwe sauti. Shafti ameishika tangu asubuhi, anailaza shavuni. Anasema: nimeipitisha kidole mara mia, ni safi, haina wimbi, ni kazi ya mtu mzima. Inatosha, hakuna haja ya namba.

(Usiku anailaza hata kwenye mto wake wa kulalia.)

Mkaza mjomba wako


25 Agosti

Shikamoo Mjomba, shikamoo Mama,

Hatujambo. Paa limezibwa.

Bado.

Nati


3 Oktoba

Mpwa wangu Nati,

Tazama maandishi. Ukurasa mmoja, na nafasi ya kukusema imebaki.

Lile neno lako moja lilinikasirisha wiki nzima. Mkaza mjomba wako alilibandika kwenye mlango wa karakana, kwa herufi kubwa ili nisiseme sikuliona. Siku ya nane nikamwambia avae, twende.

Yule daktari nilimrudia, nikamwuliza tena kuhusu ruhusa yake. Safari hii alikuwa amejiandaa. Alinionyesha kioo chenyewe, kidogo kuliko punje ya dengu, akaniambia kimepimwa jinsi gani na kwa namba zipi, na kwamba mikono yake imeshafanya mia ngapi. Nikamwambia hapo sasa tunaongea. Nilikuwa macho wakati wote wa upasuaji. Nilisikia vyombo vyake vikiwekwa kwenye sinia, kimoja kimoja, kila kimoja mahali pake, nikatulia. Mtu anayeweka vyombo hivyo anajua kazi. Jicho moja limekamilika, la pili ni mwezi ujao.

Bandeji ilipotolewa wa kwanza kumwona alikuwa mkaza mjomba wako. Kumbe amezeeka! Nikamwambia. Akanijibu nijitazame na mimi, nikajitazama, nikamwomba radhi. Kisha nililia, sitaki kukuficha. Mama yako alikuwepo, naye akalia, na ile rangi ya nyumba yake nimeiona vizuri sasa na bado sitaitaja.

Jana nimefungua karakana. Nilisogeza meza mlangoni, mahali pale pale. Nikafunga taya za maikromita nikasoma, na kweli ni tano. Niliona kosa langu kwa jicho langu. Mikwaruzo nimeihesabu, ni kumi na mbili, moja ilikupita. Kisha nikafuta shafti yako, nikaiacha ipoe ingawa ilikuwa baridi tangu asubuhi, nikanywa maji, nikarudi.

Namba yako hii hapa. Maikromita inasoma milimita ishirini na mistari minne. Nimetoa mitano yangu. Shafti yako imepungua mstari mmoja, Nati. Mmoja tu, mwembamba, na nimeuona.

Mjomba wako